Mguu Wangu Kwenye Breki

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa uani kwetu. Watu walimwita Mkono wa Dhahabu. Mguu hakuna aliyeusifu. Mguu ulikuwa wangu.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Fundi analala chini penye gurudumu na spana yake, mwenzake anakaa kwenye usukani. "Pampu! Pampu! Shikilia!" Hapo fundi analegeza nati, mafuta yanatoka na mapovu, anaikaza tena. Ndipo anasema, "Achia." Ukiachia kabla hajakaza, breki inavuta hewa, na kazi yote inakuwa bure. Mimi sikusoma, lakini neno hilo nililisubiri ndoa yangu nzima, wala sikuwahi kulitangulia.

Gari lake mwenyewe lilikuwa la zamani, taa za mviringo kama macho ya bundi, bampa linang'aa hadi unajiona meno. Alilinunua likiwa mzoga. Kutu yote niliisugua mimi kwa msasa, mpaka ngozi ya vidole ikaisha.

"Siku binti yetu akiolewa," alikuwa akisema, "wewe utakaa mbele na mimi, mama watoto, kama malkia."

Kisha akaoa mke wa pili, na kiti cha mbele kikapata mwenyewe. Mimi nikaachiwa pedali.

Asubuhi ya harusi mpira mmoja wa breki ulikuwa unavuja. Akaubadilisha, akapaza sauti, "Mama watoto! Njoo ukanyage, tunachelewa!"

"Mwite anayekaa mbele," nikajibu toka jikoni. "Au miguu yake ni ya pambo?"

"Nakuja mimi," akasema bi mdogo. "Kukanyaga nako kuna chuo?"

Nikasikia: pampu, pampu, shikilia. Kisha nikasikia pedali ikirudi juu, na mume wangu bado hajasema kitu. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Ameachia mapema. Upepo umeingia. Rudia."

Mume wangu aliingia garini akakanyaga mara tatu nne. "Ngumu kama jiwe. Wivu umekuziba masikio."

"Ukiipampu lazima ipande. Iache kidogo, kisha ujaribu tena."

"Leo unanifundisha kazi yangu?"

Wageni wakacheka. Hapo nikajua imekwisha, maana mume wangu hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu, na hasa kwa neno la mke.

Binti yetu alikuwa ameshaketi nyuma na gauni lake. Nikafungua mlango.

"Shuka."

"Mama, usinitie aibu leo, tafadhali."

Nikamshika mkono nikamvuta. Gauni likachanika begani, akaangua kilio. Wifi yangu akasema kwa sauti, wote wasikie, "Huyu sasa amerukwa na akili!" Mume wangu akawasha gari kwa hasira, wakaondoka yeye na bi mdogo bila bibi harusi.

Mteremko wa barabara yetu unaishia kwenye ukuta wa ghala. Walioona wanasema mume wangu alikanyaga mpaka mwisho, gari lisipunguze mwendo. Bi mdogo alikufa palepale, kwenye kiti nilichoahidiwa mimi. Mume wangu alipona, ila hajasimama tena.

Sasa analala chumba cha mbele. Namgeuza, namwosha, namlisha uji kwa kijiko. Mzoga wa gari umerudi uani, kuku wanataga ndani yake. Na mtaani wanasema nilizichezea breki mwenyewe: "Angejuaje kama si yeye?" Mume wangu anayasikia yote hayo kupitia dirisha. Akisema tu kwamba upepo uliingia kweli, naye akakataa kurudia, ameua jina lake. Basi amelinda lake, langu ameliacha lioze.

Juzi binti yetu alikuja kumwona. Alikaa naye, akamfuta jasho, kisha akanifuata barazani.

"Mama," akasema, akitazama chini, "ulijuaje?"

Mlango ulikuwa wazi. Nikamtazama baba yake, nikamsubiri aseme. Alinitazama kidogo, kisha akageuza uso ukutani.