Kikohozi Mlangoni mwa Choo cha Kina Mama

Miaka sita Zuhura alisafisha choo cha kina mama kwenye soko moja la mtaa wa Newtown, ugenini, na hakuna aliyemwuliza lolote zaidi ya sabuni. Ndipo Mansour, msimamizi wa soko, alipobandika tangazo: humu ni wanawake tu, na mhudumu akimtilia mtu shaka amdai kitambulisho.

"Kaka Mansour, kulikoni tena?"

"Kuna mama kalalamika, da Zuhura, anaogopa. Na kwenye simu ndiyo usiseme, dunia nzima inabishania vyoo. Mwenye soko kasema ukimpitisha mtu wa kutiliwa shaka, unaondoka wewe."

Aliyelengwa alijulikana. Masika, msusi kutoka Kongo, alizaliwa akahesabiwa mvulana, na sasa mwaka wa nne anaishi kama mwanamke. Kila alipofika mlangoni alikohoa kwanza. Zuhura ndiye aliyemfundisha: kwao Tanga wapangaji kumi na mmoja walikuwa na choo kimoja uani, wake kwa waume. Anayekuja hukohoa, na aliyemo humjibu kwa kikohozi.

Hata hivyo Zuhura hakumcheka yule mama mwoga. Yeye mwenyewe aliwahi kufuatwa na mwanamume chooni pale stesheni, akaokolewa na komeo. Na hapa makomeo mawili yalikuwa yamevunjika tangu Ramadhani.

Asubuhi moja baada ya tangazo aliingia mtu mrefu, kanyoa kipara, kavaa koti la kiume. Zuhura akamzuia.

"Kitambulisho, tafadhali."

Mtu yule akatoa karatasi ya ukimbizi iliyokunjwa mara nne. Gaudence, mwanamke, Burundi.

"Nimenyoa juu ya msiba, dada. Koti ni la marehemu bwana yangu. Polisi wananiomba karatasi, benki wananiomba. Sasa hata choo?"

Zuhura alitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, mama. Pita."

Akavua aproni, akamfuata Mansour na kumleta hadi mlangoni. "Nimemdhalilisha mjane. Sitamdai mtu mwingine. Kama ni kazi, hii hapa aproni yako."

"Da Zuhura, mwenye soko nitamwambia nini?"

"Mwambie yule mama aliyelalamika anataka mlango unaofungika. Makomeo mawili! Nimeomba miezi mitatu."

Mansour alibaki na aproni mkononi. Nyuma yake mtu akakohoa. Alikuwa Masika, taulo la saluni begani, macho kwenye tangazo, hathubutu kusogea. Kisha kutoka ndani, Gaudence akakohoa kujibu.

Masika akapita. Mansour akaondoka na aproni kwapani.

Kesho yake Zuhura alikuja tu kuchukua kandambili zake. Tangazo lilikuwa bado ukutani. Chini yake alisimama Mansour, bisibisi na makomeo mapya mkono mmoja, aproni mkono wa pili. Akamkabidhi aproni, akaugeukia mlango, akakohoa, akasubiri.