Sura ya Kahawa

Rosalind Hebden alifanyia kazi jikoni kwake, mjini Hull, mahali alipoweza kutazama dirisha na sufuria kwa pamoja. Alivitia vitabu vya Kiswidi katika Kiingereza. Kiswidi alikiokota ujanani, alipokwenda kulea watoto wa watu kaskazini mwa Sweden, chuo hakukiona. Jina lake lilichapwa kwa herufi ndogo ndani ya vitabu, na wasomaji wengi walilipita. Hilo halikumuuma. Aliloliogopa ni kumsemea mtu neno ambalo hakulisema.

Mwaka ule alikuwa na kitabu cha Gunvor Östlind, ajuza wa huko kaskazini ambaye mapafu yalikuwa yamemchoka. Kilikuwa kitabu chake cha pekee, na daktari alishamwambia asipange mambo ya mbali. Rosalind alitaka kukifikisha salama Gunvor akiwa bado hai.

Ndipo Piers, mhariri wa London, akapiga simu.

"Rosalind, mpenzi, kazi nzuri mno. Ila ile sura ya kahawa tunaitoa."

"Kwa nini?"

"Hamna kitu mle! Mama anamtembelea binti yake waliyekosana naye, anaulizwa kama atakunywa kahawa, anasema hapana, anaondoka. Kurasa zote hizo za mtu asiye na kiu."

Rosalind alijua kilichokuwemo. Kule kwa akina Gunvor, zamani hizo, mgeni mwenye adabu hakupokea kahawa kwa mwaliko wa kwanza. Alikataa, akabembelezwa, akakataa tena, akabembelezwa tena, ndipo aliposema, "Haya, kidogo tu." Kuipokea "hapana" yake ya kwanza kulikuwa sawa na kumfungulia mlango atoke. Na binti yule aliuliza mara moja tu, akafunika birika. Kitabu kizima kilisimama juu ya kifuniko kile.

Alimweleza Piers yote hayo.

"Sasa nimeelewa," Piers akasema taratibu. "Lakini hutakaa kando ya kila msomaji umnong'oneze. Sisi tukikataa chai, tumekataa."

"Niongeze sentensi, basi."

"Mwandishi akiridhia, sura inabaki. Asiporidhia, inatoka. Nijibu leo, tafadhali."

Clive, mumewe, mstaafu wa bandarini, alikuwa akisikiliza huku anamenya karoti.

"Iandike tu. Bibi wa watu hajui Kiingereza, atajuaje?"

"Ndiyo maana siwezi."

"Basi mpigie, uache kuisugua hiyo meza. Utaitoboa."

Gunvor alipopokea, Rosalind aliisikiliza kwanza pumzi yake. Ilipiga filimbi.

"Umekula?"

"Nimekula, mtoto wewe. Viazi na samaki. Mbona una wasiwasi kama kuku wa mayai?"

Rosalind akamweleza kuhusu sura na sentensi.

"Hapana, hapana," Gunvor akasema. "Usijisumbue kwa ajili yangu. Waitoe tu, si kitu."

Rosalind akashukuru, akakata simu. Mwandishi amesema; nani ampinge?

"Vipi?" Clive akauliza.

"Amekataa."

"Imekwisha, basi."

Rosalind alichukua karoti kumsaidia, kisha mkono ukasimama. Akaikumbuka ile kahawa. Amembembeleza mara ngapi yule mama? Hata moja! Akanyakua simu.

"Gunvor, mimi tena. Nakuomba."

"Nimekwambia hakuna haja."

"Nimesikia. Nami nakuomba tena. Bila sura ile kitabu kinachechemea, na mimi sitaki kukipeleka kwa watu hivyo."

Filimbi ya kifua ikapanda, ikashuka.

"Haya," Gunvor akasema. "Sentensi moja. Usinipambe."

Alasiri ile yote Rosalind aliandika na kufuta. "Kama ilivyokuwa desturi yao" ilinuka ualimu. Nyingine ilimlaumu binti, na Gunvor hakumlaumu popote. Mwishowe alibaki na moja, akampigia tena na kumsomea kwa Kiswidi: "Alivifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, polepole, akisubiri kuulizwa tena."

Akangoja hukumu ya Gunvor. Rosalind akaogopa. "Gunvor? Nimekukosea?"

"Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la kuni," Gunvor akasema. "Mtoto mdogo. Nilimwona bibi yangu akivifunga. Mama alikuwa amempa mgongo. Nami niliujua ule mchezo wa kahawa, nikawa namsubiri Mama aseme. Bibi hakuja tena kwetu mpaka anakufa." Akakohoa kwa muda mrefu. "Vifungo sikuviandika. Sikuweza. Iache hivyohivyo, Rosalind."

"Nitaiacha."

Clive aliinua uso, akamtazama mkewe, akazima redio. Piers alikuwa akisubiri jibu London, lakini Rosalind hakukata simu. Alikaa akisikiliza mpaka kikohozi kilipopita na Gunvor akasema ameshapata pumzi.