Mpini Mtupu

Katika chumba cha pasi cha kiwanda cha nguo, kila fundi alifunga kitambaa chake kwenye mpini wa pasi yake. Cha Mama Mvuke kilikuwa chekundu. Aliyeachishwa kazi hakuitwa wala kuambiwa. Msimamizi alikikata kitambaa mapema, mwenye pasi akija anakuta mpini mtupu. Hapo anajua.

Jana meneja alisimama katikati ya meza akatangaza, "Kazi zenu zina garantii!" Vigelegele vikapaa hadi kwenye mabati. Mzee wa boila peke yake alikuna kidevu.

"Hata redio ina garantii, wanangu. Ikiungua wanakwambia, lete na boksi lake."

"Mzee naye!" mafundi wakamcheka. "Nenda kachochee moto wako."

Jioni ile Mama Mvuke alimpigia wifi yake, aliyekuwa amemtafutia nafasi kwa dobi aliyemwajiri, akamwambia ampe mtu mwingine.

"Wifi, umefikiri vizuri?"

"Meneja ametamka mbele ya kadamnasi. Mtu mzima hali matapishi yake."

Asubuhi akakuta mpini mtupu.

Aliupapasa kama ulimi upapasavyo pengo la jino. Uzi mmoja mwekundu ulikuwa umenasa kwenye skrubu. Wenzake walizama kwenye kola za mashati kana kwamba hawajawahi kuona kola. Hasira ikambeba hadi ofisini.

Mlangoni nusura agongane na meneja. Alikuwa amekumbatia boksi. Saa yake ya ukutani ilichungulia humo, bado inatembea.

Mama Mvuke akalitazama boksi. "Na wewe, baba?"

"Kiwanda kimeuzwa. Nimeambiwa sasa hivi."

"Si ulituhakikishia?"

"Niliambiwa niwaambie. Nikaamini."

"Na wewe nani alikuhakikishia?"

Meneja akalipandisha boksi kifuani.

Mama Mvuke akatoa simu. Wifi akapokea katikati ya kelele za mashine.

"Ile nafasi, wifi..."

"Alaa! Si ulisema mwenyewe? Nimempa jirani yako, huyu hapa kashaanza."

Simu ikabaki sikioni, imeshakatika.

"Mama," meneja aliuliza taratibu, "gari la kiwanda wamelichukua. Mabasi mnapandia wapi?"

Mama Mvuke akarudisha simu mfukoni. Kisha akamshikia boksi upande mmoja, wakashuka ngazi pamoja, saa ikigonga-gonga katikati yao.