Wanataka nimnyamazishe mjukuu wangu juu ya nyota zake

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, niko huku Chepsaita, na darasa sijawahi kuingia. Naongea, jirani yangu anaandika. Ficheni jina langu. Siogopi mtu, ni kwa ajili ya huyu msichana.

Ni mjukuu wangu. Mama yake alikufa akimwacha ananyonya, nikamlea na maziwa ya ng'ombe wangu. Sasa amepanga chumba mjini, mtaa wa Pioneer, anasomea nyota chuo kikuu, shahada ya pili. Watu hucheka. Wacheke tu. Mimi nilimuuliza akanieleza jikoni hapa, nikaelewa.

Kuna vikundi vidogo vya nyota, mbali sana, hata mwanga wake ni hafifu. Yeye hupima kila nyota inakimbia namna gani. Anasema zinakimbia sana, zingekuwa zimetawanyika kitambo, kwa sababu uzito wa nyota zenyewe hautoshi kuzishika. Na bado ziko pamoja. Basi kuna kitu hakionekani kinazishika, wao wanakiita dark matter. Mbio ikizidi, wanajua uzito huo umezidi.

Kikundi cha nyota alichopima yeye kilitoka na uzito wa ajabu. Mwalimu wake akaenda kutangaza kwa wakubwa wa ng'ambo. Mwanangu, baba ya msichana, akasimama kanisani akajisifu mpaka nikaona haya.

Msichana akarudia kupima. Akakuta nyota zingine zimebadilisha mbio. Kumbe ni pacha, mbili mbili zinazungukana, kama ndama wamefungwa kamba moja wakivutana. Hiyo mbio ilikuwa yao wenyewe, si ya kile kitu. Alipoziondoa kwa hesabu, uzito ukashuka vibaya.

"Bado kipo, Kogo," akaniambia, ndivyo sisi huita bibi, "lakini ni kidogo kuliko vile tulisema."

Akapeleka kwa mwalimu. Mwalimu akamwambia aache hizo pacha mahali ziko na aandike hesabu ya kwanza, la sivyo hatatia sahihi kazi yake na pesa ya masomo itakatwa. Mtu mzima na tai shingoni.

Nilidhani mwanangu atakasirika. Alikuja hapa akakaa akanywa chai yangu, akasema, "Mama, wewe ndiye anakusikiza. Mwambie akubali tu. Nyota ziko mbali, nani ataenda kuangalia?"

Sasa huyu mwanangu ananunua mahindi Moi's Bridge. Mkulima akimletea mahindi mabichi, anauma punje moja na kumrudisha nyumbani akaanike, kwa sababu hayo ni maji yamepanda mizani. Nimemwona akimfukuza mjane na gunia lake. Nikamuuliza, "Wewe ukiletewa ya maji unanunua?"

"Hiyo ni biashara, mama."

"Na hii ya mtoto wako ni nini?"

Akarudi kwa kikombe chake. Nikamwambia amalize chai aende, nisije nikammwagia.

Nilitaka kwenda huko chuo na fimbo yangu nimtafute huyo mwalimu. Msichana akalia kwa simu, "Kogo, tafadhali usije, utanimaliza." Basi nimekaa na hasira yangu hapa kama sufuria imefunikwa.

Jumamosi anakuja nyumbani. Jumatatu anatakiwa kumjibu mwalimu. Nikimwambia aseme ukweli, anaweza kurudi huku bila shahada, akae akichuma sukuma wiki na mimi, na watu wale wale wacheke. Nikimwambia anyamaze, atanyamaza. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Hataniuliza mara mbili, kwa sababu ni mimi nilimfundisha kunisikiza, na ni mimi nilimfundisha kuanika mahindi mpaka yakauke kabisa ndiyo tupeleke kwa mizani.

Nyinyi mliosoma na ambao hamkusoma, mnisaidie kabla ya Jumamosi. Akikaa kwa kile kiti chake karibu na moto, nimwambie nini?