Mzee Aliyekula kwa Huruma

Juzi nilipanga foleni kwenye kliniki moja hapa Garissa. Mbele yangu alikaa mfugaji mzee, mwembamba kama fimbo yake, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Adeer, kwa kawaida unakula nini?" muuguzi akamuuliza kwa heshima, akimwita ami kwa Kisomali.

"Maziwa ya ngamia asubuhi, maziwa jioni. Mchana natembea na mifugo."

"Na jana?"

Mzee akatazama dari. "Jana ilikuwa arusi."

Akajieleza. Kwenye sinia yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na mkubwa akiondoa mkono kwenye chakula, vijana nao huacha kula kwa adabu. "Mimi nikawahurumia. Nikaendelea bole bole ili wao washibe. Wallahi, hawa watoto hawashibi!"

Foleni nzima ikacheka. Muuguzi akampima presha na sukari, akatabasamu.

"Uko sawa, adeer. Siku moja haiharibu mwaka. Kunywa maji, tembea kidogo, kesho urudie maziwa yako."

Wasomaji, maneno hayo yalinifurahisha mimi kuliko mgonjwa mwenyewe. Zamu yangu ilipofika nilikaa kwa raha, nikavuta shati lililokataa kufunika kitovu, nikasema hata mimi jana nilizidisha pilau kidogo, basi naona niko sawa kama yule mzee.

Muuguzi akanitazama tumbo, akanitazama uso, akarudi kwenye tumbo.

"Na hii arusi yako," akauliza, "ilianza mwaka gani?"