K ya Kando

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa sajini, na nyumbani kwetu Kiswahili hakikuwa lugha ya kubembelezana. Kilikuwa lugha ya amri: simama, geuka, toka, leta. Kwa hiyo nilipoajiriwa kuchora ramani za majengo kwa kompyuta, katika ofisi ndogo ya mhandisi mmoja pale Kasese, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nilijiona nimefika kwetu. Programu ile nayo inaishi kwa amri. Unaandika neno, inatii. Tatizo lilikuwa maneno yenyewe: ya Kiingereza, marefu, na mimi subira sijaumbwa nayo.

Nikajifunza kuibadilisha. Ndani yake kuna faili moja ambamo kila amri imepewa kifupisho chake, na ukiifungua unaweza kuandika vifupisho vyako mwenyewe. F ikawa futa. G ikawa geuza. V ikawa vuta. Mkono wa kushoto haukuondoka kwenye vitufe, wa kulia haukuachia kipanya. Niliondoa vipicha vyote vilivyojazana pembeni mwa skrini, ikabaki michoro tu. Niliiagiza mashine ijihifadhie kazi kila dakika tano, maana umeme wetu hauagi ukiondoka. Kazi ya siku mbili nikawa naimaliza kwa siku moja, na nilijisifu, sifichi. Bosi wangu, mzee mpole aliyezoea kalamu, alikuwa akija kunisimamia mgongoni anatikisa kichwa.

"Hii mashine yako imekuwa kama nyumba ya mchawi," alisema. "Mtu mwingine hawezi ingia."

Nilicheka. Nilimwimbia tena F na G na V, kama mtoto anayeonyesha viatu vipya.

K sikumweleza, na K ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mchoro wa kompyuta hukaa kwa matabaka, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine: kuta tabaka lake, milango lake, nguzo lake. Mimi nilitengeneza tabaka la ziada nikaliita "kando". Humo niliweka vikumbusho vyangu na mistari ya kupimia, vitu ninavyotaka kuviona kwenye skrini lakini printa ivipite bila kuvichapa. Ukichagua kitu ukabonyeza K, kinakwenda kando. Na kwa kuwa sipendi rangi zinazobadilika-badilika mbele ya macho yangu, nilipanga kila kinachokwenda kando kibaki na rangi yake ileile. Niliona nimefanya kazi safi. Leo nikiandika haya vidole vinakuwa baridi.

Mwaka huo kanisa moja la Bwera, mpakani na Kongo, lilikuwa linajenga bweni la wasichana, lenye ghorofa moja juu. Ramani niliichora mimi. Chini kulikuwa na ukuta mrefu wa katikati, na ndani ya ukuta huo nguzo mbili za zege za kubeba sakafu ya juu. Kabla ramani haijachapwa nikapata msiba Munkunyu, nikaenda siku tatu. Nyuma yangu kanisa likaomba mlango mmoja usogezwe. Bosi akaketi kwenye mashine yangu, akausogeza, akachapa, akaipeleka ramani Bwera. Niliporudi nikakuta kazi imekwisha, nikashukuru.

Wiki kadhaa baadaye fundi mkuu wa pale alinipigia. Alikuwa mtu wa ng'ambo, Mkongo, na pale mpakani simu hushika mtandao wa upande wa pili, sauti inakatika-katika.

"Madamu, hii mur ya katikati, hii ukuta, poto haiko?"

Nilikuwa nimezama katika kazi nyingine. Poto? Nikadhani ni Kiingereza cha kuokoteza, anauliza vyungu vya maua. Kumuuliza maana niliona aibu, mimi niliyezaliwa ndani ya Kiswahili.

"Fundi, poto hakuna," nikamwambia. "Jenga kama karatasi inavyosema. Unanisikia? Karatasi ni amri."

"Sawa, madamu," akasema, nikakata simu.

Asubuhi moja, wakati zege la sakafu ya juu lilikuwa na mwezi tangu limwagwe, nilitoa nakala ya ile ramani kabatini nipime ngazi. Ukuta wa katikati ulikuwa mtupu. Nikawasha kompyuta, nikaona nguzo zangu mbili zimesimama pale pale. Nikarudi kwenye karatasi: hakuna. Nikatazama skrini, nikatazama karatasi, kama mwendawazimu. Nilijua kabla sijabonyeza kitu chochote. Nguzo zilikuwa kando.

"Bosi," nikasema, "ile siku ulipoketi hapa, hizi nguzo ulizifanya nini?"

Akakuna shingo. "Nilitaka kuongeza nguzo ingine karibu na mlango. Nikachagua hizo mbili, nikafinya K. Ikakataa, haikufanya kitu. Nikaacha."

"Kwa nini K?"

"Si ni kopi?"

Nani huku kwetu hasemi kopi? Nilikosa hata pa kumlaumu. Nikamweleza K ni nini, naye akakaa taratibu kwenye kiti, mkono juu ya kifua.

"Lakini fundi angeuliza," akasema.

"Aliniuliza habari ya poto."

Bosi alikuwa amejenga Kongo miaka mingi ujanani. "Poto ni nguzo," akasema. "Wao nguzo wanaita poto." Kisha akasimama ghafla. "Na jana fundi alisema leo wanatoa miti."

Asiyejua ujenzi nimweleze. Sakafu ya zege ikimwagwa hushikiliwa kwa chini na miti iliyosimamishwa kama askari kwenye gwaride. Zege likikomaa miti huondolewa, na mzigo wote hushuka kwenye nguzo. Kule Bwera mzigo ungeshuka kwenye matofali matupu.

Tuliondoka na pikapu ya bosi. Yeye aliendesha, mimi nilipiga simu. Haipatikani. Napiga tena, haipatikani, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kifaransa. Karibu na njia ya Katwe lori la chumvi lilitukalia mbele, nikajikuta nalitukana lori kwa matusi ya kambini, na bosi, mtu wa kanisa, hakunikemea. Nilimwona fundi amelala chini ya zege, na sura niliyompa ilikuwa ya kubuni tu, kwa sababu mtu mwenyewe sikuwa nimewahi kumwona.

Nitasema mapema ili nisimtese msomaji: sakafu haikuanguka. Nguzo zilijengwa baadaye, wasichana wakahamia. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hayo.

Tulikuta nusu ya miti imeshatolewa, imerundikwa uani. Ndani nyundo ilikuwa inagonga. Nikapiga kelele kwa sauti ya baba yangu, sauti ambayo sikujua ninayo: "Simama! Usiguse kitu! Toka!"

Nyundo ikanyamaza. Akatoka mtu mfupi, mwenye mvi na vumbi, anapangusa macho.

"Kuko nini, madamu?" Ilikuwa sauti ileile ya simuni.

Nikamwambia. Nilisema haraka, bila kujitetea. Aligeuka pale mlangoni akainua macho kwenye sakafu, nami nikafuata macho yake, nikaona ufa. Mwembamba kama uzi, ukipita juu ya ule ukuta wa katikati.

"Miti irudi," akasema. "Sasa hivi."

Nilifungua mdomo kutoa amri, ikakwama. Rudisha miti maana yake mtu aingie. Mti mmoja unataka watu wawili, mmoja aushike wima, mwingine agonge kabari chini yake. Vibarua walikuwa wamesikia kila neno. Walirudi nyuma mpaka kwenye rundo la mchanga, na nisingeweza kuwalaumu. Bosi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha gari, anahema. Fundi alibeba mti begani akaanza kuingia peke yake.

Nikabeba ncha ya pili. Siyo ushujaa. Ningebaki nje nisingeweza kusimama.

Mle ndani kulikuwa na ubaridi wa zege jipya. Nilishika mti kwa mikono yote miwili, yeye akapiga magoti akigonga kabari, na kila pigo lilipopanda hadi juu vumbi lilitumwagikia kichwani. Nilikuwa nalia waziwazi. Tuliweka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne aliacha kugonga akanitazama.

"Unaogopa?"

"Ninaogopa sana, fundi."

"Miye pia," akasema. "Tangu siku ya ile telefone. Kila asubuhi niko naingia humu na woga, naangalia ile ukuta, nasema hapa poto ingefaa. Lakini ulinikatalia."

Hakusema kwa hasira. Aliinama tena akachukua nyundo, akaniambia nishike vizuri, bado miti sita.