Keateka na Chipu ya Simu

Habari za kifo cha keateka wetu, mzee aliyetunza ploti yetu ya kupanga hapa Mugutha, hazikuletwa na mtu. Zililetwa na bomba. Asubuhi hiyo nilifungua maji nikapata mkoromo tu. Nikatoka na ndoo yangu kumtafuta mzee, ambaye sote tulimwita guka, yaani babu, nimlalamikie kama kawaida, nikamkuta jirani amesimama kwenye ngazi na ndoo tupu. "Kwani hujasikia?" akaniuliza. "Guka ametuacha. Ni moyo. Alfajiri hii, hospitalini Thika." Kila mmoja akaionea haya ndoo yake.

Ujana wake wote mzee aliumalizia mtaa wa Kamenu, Thika, akitengeneza redio, na redio zilimwachia imani moja: kila kazi lazima iwe na kifaa chake unachoweza kukishika. Basi siku moja simu yake ilipokataa kushika mtandao, ilhali picha zilionekana vizuri na saa ilikwenda sawa, aliifungua ili atoe kifaa cha mtandao akibadilishe. Hakukiona. Akanikokota hadi Githurai 45, kwa msichana mmoja fundi wa simu, akammwagia vipande mezani kutoka kwenye kifuniko cha mkebe wa siagi. Msichana akaelekeza kibano kwenye mraba mweusi ulio mdogo kuliko ukucha. "Guka, unachotafuta kiko humu."

"Na kinachopiga hesabu?"

"Humo humo."

"Kinachochora picha kwa kioo?"

"Humo humo, guka."

"Kwani huyu ni nani? Ni mchungaji, tena mweka hazina, tena anaongoza kwaya?"

Msichana alicheka hadi akaweka kibano chini. "Prosesa peke yake hupiga hesabu tu, wenzake wako nje, kila mtu na chipu yake. Hii imewaingiza wote ndani: wa hesabu, wa picha, wa sauti, mpaka modemu ya mtandao. Ndiyo maana inaitwa mfumo mzima kwa chipu moja. Vilivyobaki nje ni kama betri, kioo na kamera. Lakini siwezi kukata kipande cha mtandao nikuwekee kingine. Ni kubadilisha chipu nzima, na hapo heri ununue simu nyingine."

Tukirudi, karibu na Ruiru, mzee akalitatua jambo lenyewe kwa lugha ya nyumba za kupanga. Ploti za zamani za Kamenu, alisema, chumba kiko hapa, bomba liko uani, choo kiko mwisho. Ukienda kuoga unasalimia ukoo mzima. Bedsita za Mugutha zina jiko, bafu, choo na kitanda nyuma ya mlango mmoja. Mwendo ni mfupi, nafasi ni ndogo, hutumii nguvu nyingi. "Ndiyo maana simu ni nyembamba na haimalizi betri haraka," akakiri. "Lakini choo cha Kamenu kikiziba, kitanda hakina habari. Hapa kikiziba unaamka ukiogelea! Kitu kikifa kidogo kinakufa chote? Mimi sikitaki."

Jioni ya msiba, mjane wake alikuwa na hofu moja. Ndugu walikuwa njiani kutoka Thika, watu wa kanisa walishaketi, na maji ya chai hayakuwapo. "Wageni wa matanga hawatatoka kwangu na koo kavu," alisema, "nitaonekana nilimngoja afe." Tukaingia stoo kuwasha pampu. Ukutani kulikuwa na ubao mmoja ambao mzee aliuunganisha mwenyewe: pampu, taa, kengele ya geti na spika, vyote kwenye ubao huo, swichi zote bila alama. Ramani ilikuwa kichwani mwake.

Tulibonyeza ya kwanza, taa za ngazi zikazimika. Ya pili, kengele ya geti ikalia, watu wakaenda kufungulia hewa. Ya tatu tuliibonyeza mchungaji alipokuwa katikati ya maombi, na spika ya uani ikanguruma kwa sauti ya marehemu mwenyewe, tangazo alilolirekodi zamani: "Wapangaji! Msimwage mafuta ya kupikia kwa sinki. Mimi niko hapa, nawaona!"

Mchungaji alifungua jicho moja. "Amina," mtu akaitikia. Mjane alicheka hadi akashika ukuta, kisha akalia, kisha akaja stoo, akavua ndara na kuupiga ubao kwenye kona. Pampu ikaguna, maji yakaja, taa zote zikazimika. "Pampu ikikataa nilikuwa naupiga hapo," akasema. Tulikunywa chai kwa mwanga wa simu.

Mzee aliyeikataa chipu alikuwa amejifanya chipu yetu, nasi tulimsaidia. Maji, stima, geti na ugomvi wa kamba za nguo vyote vilipita kwake, na kwa kuwa mambo yalikwenda haraka, hakuna aliyeuliza swichi ipi ni ya nini. Kuweka kila kitu mahali pamoja ni akili kubwa ndani ya simu, kwa sababu simu hununuliwa nyingine. Keateka hanunuliwi. Kwa hivyo tumeutenganisha ubao, kila kitu na swichi yake mbali, tukagawana: jirani wa ndoo ana pampu, mwalimu wa ghorofa ya juu ana geti, mimi nina taa za ngazi, na mjane, shosho wetu, ameishika spika wala haiachii. Maji huchelewa, na tunagombana zaidi. Lakini juzi taa zangu zilikufa zote, na bomba halikuwa na habari.